Kulabu Huvunjwa na Mkono

Anayeanza mchezo wa kufungua makufuli bila ufunguo hakawii kuuliza kulabu zake zitadumu muda gani kabla hazijavunjika. Ana haki ya kuuliza. Chombo chembamba kama njiti ya kiberiti, kilichonunuliwa kwa fedha au kuchongwa kwa tupa jioni nzima, hukatika ghafla na ncha yake ikabaki ndani ya kufuli. Lakini swali hilo huja na jibu lililokwisha kuamuliwa: kwamba umri wa kulabu umo ndani ya chuma chake, na mwenye fedha atanunua chuma kinachodumu. Historia ya vyombo hivi, tangu London ya karne ya 18 na 19 hadi klabu za Ulaya za siku zetu, haikubaliani na jibu hilo. Inaonyesha kwamba kulabu hudumu kadiri mkono unavyojua kujizuia, na kwamba ubora wa feleji, ambao nitaupa haki yake, unashika nafasi ya pili.

Kwanza tutazame kazi yenyewe. Vyombo ni viwili. Kikazio, yaani kipande cha chuma kilichopindwa, huingizwa kwenye tundu la ufunguo na kuisukuma silinda kana kwamba ufunguo unazungushwa. Kulabu huinua pini za ndani, moja baada ya nyingine. Hakuna kufuli lililotengenezwa bila kasoro hata chembe, kwa hiyo silinda inaposukumwa pini moja hubanwa kabla ya wenzake, na hiyo ndiyo inayoinuliwa kwanza. Kikazio kikisukumwa polepole, pini iliyobanwa hukubali kuinuka kwa nguvu ndogo. Kikikazwa sana, pini hubanwa sana, na kulabu hulazimika kupambana na nguvu ambayo mchezaji mwenyewe ameitia kwa mkono wa pili. Mzigo unaoivunja kulabu hautoki kwenye kufuli. Unatoka kwa aliyeshika kikazio.

Haikuwa hivyo siku zote. Vitasa vya zamani vya Ulaya vilitegemea vizuizi vilivyosimama tu ndani ya kitasa, na mwizi aliyekuwa na ufunguo malaya, uliochongwa kiasi cha kuvipita vizuizi hivyo, hakuhitaji kuhisi chochote. Chombo chake kilikuwa kinene, na unene huo ulimfaa. Mambo yalibadilika mwaka 1778, Robert Barron alipopata hataza ya kitasa ambacho vibao vyake vya ndani vilipaswa kuinuliwa kwa kiasi kamili: kikizidi au kikipungua, kitasa hakifunguki. Joseph Bramah alifuata mwaka 1784 na kitasa chake cha ufunguo wa mviringo. Mwaka 1817 kulitokea wizi katika bandari ya kijeshi ya Portsmouth, na mwaka uliofuata Jeremiah Chubb akaleta kitasa kilichokwenda mbali zaidi. Kibao kimoja kikiinuliwa kupita kiasi, kilinaswa mahali hapo, na mwenye nyumba akija na ufunguo wake alijua kwamba mtu amejaribu kuingia. Hapo nguvu ilianza kuadhibiwa na kitasa chenyewe. Inasimuliwa kwamba mfungwa mmoja wa merikebu za magereza huko Portsmouth, fundi vitasa kwa kazi yake, aliahidiwa msamaha pamoja na pauni 100 iwapo angekishinda kitasa cha Chubb. Alihangaika nacho kwa miezi miwili au mitatu, akashindwa. Muda alikuwa nao, na ufundi wa kutengeneza chombo alikuwa nao. Alichokosa ni namna ya kukisikiliza kitasa.

Namna hiyo ilionekana hadharani mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London. Alfred Charles Hobbs, fundi wa Marekani aliyekwenda kuonyesha vitasa vya kampuni ya Day and Newell, alikifungua kitasa cha Chubb mbele ya mashahidi kwa muda wa dakika 25 hivi, kisha akakifunga tena bila kukiharibu. Baada ya hapo aliligeukia kufuli la Bramah lililokuwa limewekwa dirishani katika duka la Piccadilly, pamoja na tangazo la gini 200 kwa atakayelifungua. Ilimchukua saa 51 za kazi zilizotawanyika katika siku 16. Wafuasi wa Bramah walinung'unika kwamba fundi aliyeruhusiwa kufunga mitambo yake mbele ya kufuli na kulishughulikia kwa wiki mbili si kipimo cha mwizi wa usiku, na katika hilo walikuwa na hoja. Kwa swali letu, hata hivyo, saa hizo 51 ni ushahidi wa aina nyingine. Hakuna anayetumia saa 51 akilazimisha. Kitabu kuhusu vitasa kilichotolewa mwaka 1853 na Charles Tomlinson kwa msaada wa Hobbs kinaeleza mbinu hiyo: komeo hutiwa msukumo wa kudumu, hata kwa kuning'iniza uzito nje ya kitasa, kisha kila kibao huguswa kwa zamu ili kujua kipi kimebanwa. Uzito hauna hasira na hauchoki. Unasukuma saa ya kwanza kama unavyosukuma saa ya mwisho, na chombo kinachogusa vibao hakipati mzigo wa ghafla hata mara moja.

Miaka michache baadaye Linus Yale Mdogo aliugeuza ushindi huo dhidi ya Hobbs na kampuni yake. Alikifungua kitasa kikubwa cha benki cha Day and Newell, kitasa kile kile ambacho Hobbs alikinadi London, na chombo alichotumia kilikuwa ufunguo wa mti. Anayeamini kwamba umri wa chombo ni suala la chuma anapaswa kutulia kidogo hapa. Mti ulitosha kwa kitasa kilichosifiwa kuliko vyote vya wakati wake, kwa sababu aliyeushika alijua asitie nguvu wapi.

Atasema mpinzani kwamba hao walikuwa mafundi wa kipekee, na kwamba kwa mtu wa kawaida tofauti ya chuma ndiyo tofauti ya maisha ya kulabu. Pingamizi hili lina uzito wake. Katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman, mtengenezaji saa wa Doncaster, aliyeyusha feleji ndani ya vyungu kwa sababu springi za saa zilizotokana na feleji ya wakati huo hazikumridhisha. Kulabu ni ndugu ya springi hiyo: lazima ipinde na kurudi. Mwaka 1913 Harry Brearley wa Sheffield alitengeneza feleji isiyoshika kutu, na aina zilizofuata ndizo zinazotumika leo katika kulabu nyingi za kununua. Chuma laini kitapinda na kubaki kimepinda, na chuma kigumu mno kitakatika bila onyo. Anayechonga kulabu kwa mashine ya kunoa na kuiacha ipate moto kupita kiasi huipotezea ugumu wake kabla haijaingia kufuli hata moja. Yote hayo ni kweli.

Lakini tazama chuma ambacho wachezaji wenyewe walikichagua walipokuwa hawana duka. Mwongozo maarufu uliotoka katika chuo cha MIT nchini Marekani mwaka 1991, ambao mwandishi wake alijiita Ted the Tool, unasifu vijiti vya feleji vya brashi za magari ya kufagia barabara. Vijiti hivyo huokotwa kando ya njia kwa sababu vimekatika, na vimekatika kwa kupindwa mara nyingi mno dhidi ya lami. Mtu huviokota, huvisaga kwa tupa, na vikamtumikia kwa miaka. Feleji ni ile ile. Iliyoshindwa barabarani inadumu mkononi, na kilichobadilika ni mzigo peke yake.

Sababu yake ilijulikana tangu karne ya 19. Tarehe 8 Mei 1842 ekseli ya kichwa cha treni ilivunjika kwenye reli ya kutoka Versailles kwenda Paris, na watu zaidi ya 50 wakafa. Mafundi walishangaa jinsi ekseli iliyobeba mzigo wake kila siku ilivyoweza kukatika siku moja bila kuongezewa chochote. August Wöhler, mhandisi wa reli huko Prussia, alizipinda ekseli na vipande vya chuma mamilioni ya mara, na hadi kufikia mwaka 1870 alikuwa amechapisha matokeo yake: chuma huchoka kwa kupindwa na kurudi, lakini mkazo ukiwa chini ya kiwango fulani, feleji inaweza kupindwa mara zisizohesabika bila kuvunjika. Hapa ndipo hoja ya kwamba kila kulabu ina siku zake inapoyumba. Kulabu inayopindwa kidogo tu haielekei mwisho wowote unaojulikana. Ile inayopindwa hadi mtu aione ikikunjama inakula umri wake kila mara, na siku ikikatika kwa mguso mwepesi mwenyewe hulaumu mguso ule wa mwisho, au kiwanda.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linahusu umbo. Kitasa cha pini alichokikamilisha Yale kwa hataza za 1861 na 1865 kilitumia ufunguo mdogo bapa, na tangu hapo tundu la ufunguo limezidi kuwa jembamba na lenye kona, hasa katika makufuli ya Ulaya. Kulabu haikuwa na budi kupungua. Je, mkono mwepesi unaweza kuokoa chombo ambacho kufuli limekilazimisha kuwa dhaifu? Kwa kiasi kikubwa, ndiyo, na hesabu inaonyesha kwa nini. Kulabu hubeba mzigo wake kwa kimo zaidi kuliko kwa unene. Ukipunguza unene kutoka milimita 0.6 hadi 0.4, umepoteza theluthi moja ya nguvu yake. Ukipunguza kimo cha shina kwa nusu, imebaki robo. Kona kali kati ya shina na ncha, au mkwaruzo wa tupa uliokatiza shina, hukusanya mkazo mahali pamoja na kuuanzisha ufa. Mchongaji anayejua hayo ataacha kimo kadiri tundu linavyoruhusu, ataizungusha kona na kulisugua shina hadi ling'ae. Wachezaji wa leo wamekwenda mbele zaidi kwa kuhamishia kikazio sehemu ya juu ya tundu, kwenye ukingo wa silinda, ili nafasi yote iliyobaki iwe ya kulabu. Titani, inayouzwa kwa bei na kwa sifa, haiondoi tatizo hilo: ukaidi wake dhidi ya kupinda ni karibu nusu ya ule wa feleji, hivyo kwa umbo lile lile itapinda mara mbili.

Klabu za mchezo huu zilipoanza, ile ya Hamburg mwaka 1997 na ya Uholanzi iitwayo Toool baada yake, watu walianza kushindana kwa saa mkononi. Ungetarajia haraka ivunje vyombo vingi, na kwa wanaoanza ndivyo inavyokuwa, hasa wanapokutana na pini zilizochongwa kiuno katikati. Pini hizo huiacha silinda izunguke kidogo halafu ikwame, na anayedhani amekaribia huongeza nguvu palepale panapotaka nguvu ipunguzwe. Mshindani mzoefu hulegeza kikazio, huiacha silinda irudi nyuma kidogo, na pini hupita. Haraka yake inatokana na kutopambana. Lakini kwa kuwa ncha inaweza kukatikia ndani, wachezaji wanakatazana kugusa kufuli ambalo mtu analitegemea, hata likiwa lao wenyewe, pamoja na katazo lililo wazi zaidi la kutogusa la mwingine bila ruhusa. Kufuli la mazoezi hubanwa kwenye jiliwa juu ya meza, na ncha ikikatikia ndani linafunguliwa pini kwa pini hadi kipande kitoke, bila mtu yeyote kulala nje ya mlango wake.