Jinzi mpya zenye sura ya zamani: zinachakazwaje, na nani anaumia?

Mwaka 2017 maduka ya Nordstrom ya Marekani yalizua gumzo baada ya kuuza suruali ya jinzi iliyojaa madoa ya matope kwa dola 425. Matope yale yalikuwa ya bandia, yamewekwa kiwandani. Mtangazaji wa televisheni Mike Rowe, anayejulikana kwa kipindi chake kuhusu kazi chafu, aliikosoa hadharani. Kwake, lilikuwa vazi la kuigiza kazi kwa watu wasiofanya kazi hizo.

Oktoba 2022, kwenye mnada huko New Mexico, suruali ya Levi's ya miaka ya 1880 iliyokutwa kwenye mgodi uliotelekezwa iliuzwa kwa zaidi ya dola 87,000, pamoja na ada ya mnada. Hiyo ilichakaa yenyewe, mwilini mwa mtu aliyeivaa kazini.

Kati ya suruali hizo mbili ndipo lilipo soko kubwa la jinzi zinazovaliwa leo: mpya kabisa, lakini zimepauka mapajani na kuchanika magotini kabla hata hazijavaliwa. Je, zinafikaje huko?

Kwa nini jinzi hupauka kirahisi

Siri iko kwenye rangi. Kitambaa cha jinzi kwa kawaida hufumwa kwa nyuzi za aina mbili. Zile za urefu, yaani mtande, hutiwa rangi ya nili. Zile za upana, yaani mshindio, huachwa nyeupe.

Nili haipenyi hadi katikati ya uzi. Inashika juu juu tu, na ndani uzi unabaki mweupe. Kila unapokaa, unapotembea au unapoingiza mkono mfukoni, rangi ya juu inasuguliwa na weupe unaanza kuonekana.

Ndiyo maana jinzi ya mtu mmoja haifanani na ya mwingine. Dereva wa bodaboda, fundi ujenzi na mtu wa ofisini wakinunua suruali za aina moja siku moja, baada ya mwaka kila suruali itakuwa na ramani yake.

Mwanzoni hakuna aliyekuwa akiutafuta mpauko huo. Levi Strauss na fundi cherehani Jacob Davis walipopata hataza yao Mei 20, 1873, walichotaka kulinda ni matumizi ya ribiti za chuma ili mifuko isichanike. Nguo ile ilikuwa ya kazi, na uimara ndio uliouza.

Mawe ndani ya mashine ya kufulia

Miaka ya 1970 na 1980 mambo yalibadilika. Jinzi ilishakuwa nguo ya vijana, na iliyopauka ilionekana ya kijanja kuliko mpya iliyokakamaa. Viwanda vikaanza kuuza sura hiyo tayari.

Njia maarufu ilikuwa kuzifua na mawe mepesi ya volkano, yale yenye vitundu na yanayoelea majini. Mawe yanazunguka pamoja na nguo kwenye mashine kubwa, yanaikwangua rangi na kulainisha kitambaa. Kisha ikaja mitindo ya mabaka meupe, ambapo mawe hulowekwa kwanza kwenye dawa ya kuondoa rangi.

Tatizo la mawe ni kwamba yanasagika, yanaacha matope kwenye maji machafu na yanaharibu mashine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 viwanda vingi vikaanza kutumia vimeng'enya vinavyokula nyuzi za juu za pamba kidogo kidogo, na hivyo kupunguza mawe.

Mchanga ulioua vijana

Njia iliyoleta maafa ni ya kupuliza mchanga. Mfanyakazi anashika mpira wenye hewa ya shinikizo kubwa na kuulenga kwenye paja au goti la suruali. Mchanga unakwangua rangi kwa haraka, na mtambo wenyewe ni wa bei nafuu.

Mchanga wa kawaida una silika. Ukipigwa kwa nguvu unapasuka na kuwa vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho, linaloingia hadi ndani kabisa ya mapafu. Pale linaacha makovu. Mgonjwa anakosa pumzi taratibu, na anakuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu.

Ugonjwa huo unaitwa silikosisi na hauna tiba ya kuuponya. Ni ule ule unaowasumbua wachimbaji wa migodini, wakiwemo wa Mererani nchini Tanzania.

Mwaka 2005 madaktari wa Uturuki waliripoti vijana wawili wapuliza mchanga, wote chini ya miaka 20, walioupata na kufariki. Kwa kawaida silikosisi ya migodini huchukua miaka mingi kujitokeza. Kwa wapuliza jinzi ilikuja ndani ya miaka michache, kwa sababu walifanya kazi kwenye vyumba vidogo vilivyofungwa, bila vifaa vya maana vya kujikinga.

Machi 2009 Uturuki ikapiga marufuku njia hiyo kwenye nguo. Mwaka uliofuata, Levi's na H&M zilitangaza kuachana nayo. Wanaharakati wa haki za wafanyakazi walionya kwamba kazi ilikuwa inahamia nchi nyingine, Bangladesh ikiwemo.

Cha kuumiza ni kwamba mnunuzi hawezi kujua. Mpauko wa mchanga na mpauko wa njia nyingine vinafanana sana dukani.

Sasa kuna leza

Baada ya mchanga, viwanda vingi viligeukia kusugua kwa msasa na kupulizia potasiamu pamanganeti, dawa ya zambarau inayofifisha rangi. Hiyo nayo inahitaji tahadhari, maana inawasha macho, ngozi na njia ya hewa.

Teknolojia inayokua sasa ni leza. Kompyuta inachora picha ya mpauko, kisha mwale wa leza unaunguza rangi ya juu ya kitambaa. Februari 2018 Levi's ilitangaza mradi wake wa leza, ikisema kazi ya mkono iliyotoa suruali mbili au tatu kwa saa sasa ingechukua sekunde 90 kwa suruali moja.

Kwa mapafu ya wafanyakazi hiyo ni hatua kubwa, ingawa inamaanisha pia mikono michache kiwandani.

Kwa nini watu wanapenda 'uzee' wa kununua?

Sababu ya kwanza ni ya kawaida tu: starehe. Jinzi ambayo haijafuliwa kiwandani ni ngumu, inabana na inachuja rangi kwenye viatu na makochi. Iliyochakazwa ni laini tangu siku ya kwanza.

Ya pili ni muda. Wapenzi wa jinzi ghafi huvaa suruali moja kwa miezi, wengine bila kuifua, ili mistari ya mapajani na nyuma ya magoti ijichore vizuri. Mwaka 2014 bosi wa Levi's wakati huo, Chip Bergh, alishangaza watu aliposema jinzi aliyovaa ilikuwa na mwaka bila kuingia kwenye mashine ya kufulia. Si kila mtu ana uvumilivu huo.

Ya tatu ni kupunguza woga. Kitu kipya kikipata mkwaruzo wa kwanza roho inauma. Chenye mikwaruzo tayari hakina cha kupoteza.

Lakini maana ya uchakavu inategemea nani kauvaa. Goti lililochanika kwa msanii ni fasheni. Kwa fundi anayetoka saiti, watu wanaona kachoka. Wapo wazazi wengi ambao mpaka leo hawaelewi mtoto kulipa hela kwa suruali yenye matundu.

Sokoni utaitambuaje?

Kwenye masoko ya mitumba kama Karume jijini Dar es Salaam, Gikomba jijini Nairobi au Owino jijini Kampala, jinzi za aina zote mbili huchanganyika kwenye lundo moja. Wapo hata wanaofanya kinyume: wanazitia rangi zilizopauka ili zionekane mpya. Angalia haya:

• Mistari ya mapajani. Ikilingana kabisa kushoto na kulia, yaelekea ni ya kiwandani. Mwili wa mtu haupaukishi sawa pande zote.

• Mifuko. Alama ya pochi au simu iliyojichora upande mmoja ni dalili ya mtu aliyeivaa kweli.

• Katikati ya mapaja na makalioni. Hapo ndipo kitambaa huisha kwanza kwa kuvaliwa. Inyanyue uiangalie kwenye mwanga. Ukiona nyuzi zimekonda, itachanika karibuni.

• Matundu ya magoti. Fundi cherehani anaweza kushona kitambaa kwa ndani ili yasizidi kupanuka.

Kumbuka pia kwamba kila njia ya kuchakaza inapunguza uhai wa kitambaa. Mawe, msasa na dawa vinakula nyuzi zile zile ambazo zingekutumikia. Kama unataka suruali ya kudumu, chukua ya rangi nzito isiyochezewa, ifue mara chache kwa maji baridi ikiwa imegeuzwa ndani nje, na uianike kivulini. Mpauko utakuja wenyewe.