Mtaalamu wa Afya ni Nani?

Tarehe 4 Agosti 2010, msomaji, Wakenya walipiga kura juu ya Katiba mpya. Viongozi wengi wa makanisa waliipinga, na sababu yao kubwa mojawapo ilikuwa kifungu cha 26. Kifungu hicho chakataza kutoa mimba, isipokuwa mtaalamu wa afya aliyefunzwa akiona kwamba pana haja ya matibabu ya dharura, au kwamba uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Angalia vema: hakikusema “daktari”.

Fikiri maana yake hapa Nyaramba. Mwanamke akitokwa na damu nyingi usiku, atakayemkuta zamuni ni muuguzi au afisa wa kliniki. Daktari yu mbali, na barabara za vilima vyetu wakati wa mvua wazijua mwenyewe. Wauguzi na maafisa hao wamefundishwa miaka mingi kusafisha kizazi cha aliyeharibikiwa mimba, kwa pampu ndogo ya mkono. Ujuzi ni ule ule. Tofauti ni ya sheria na dhamiri, wala si ndogo.

Mwaka 2012 Serikali ilitoa mwongozo wa kazi hiyo. Desemba 2013 ikauondoa, na Februari 2014 ikawakataza wahudumu wa afya kuhudhuria mafunzo yake. Mwishoni mwa mwaka huo binti mmoja wa Kisii, aliyekuwa amenajisiwa, alitolewa mimba kwa njia ya hatari. Alihamishwa hospitali hata hospitali, figo zake zikaharibika, akafa mwaka 2018. Juni 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba mwongozo uliondolewa kinyume cha sheria, ikaamuru mama yake alipwe fidia.

Bunge nalo lilikuwa limekwisha kueleza, katika Sheria ya Afya ya 2017, kwamba mtaalamu huyo aweza kuwa daktari, muuguzi, mkunga au afisa wa kliniki, mradi awe amefunzwa kutibu matatizo ya mimba na awe na leseni halali.

Wako wasemao kwamba jambo zito kama hili haliwezi kuachiwa rai ya mtu asiye daktari. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Lakini mtu aogopaye mkono usio na ujuzi, mbona auzuie usifundishwe?

Kanuni ya Adhabu, tuliyoirithi kwa wakoloni, haikufutwa na Katiba wala na sheria ile ya 2017. Kifungu chake cha 158 kilibaki, na chini yake atoaye mimba kinyume cha sheria aweza kufungwa miaka 14, awe daktari au muuguzi.