Kutoka Kumwadhibu Mwombaji hadi Kumwadhibu Mtoaji: Sheria, Sadaka na Maneno Jijini Kampala

Ikisiri

Mwaka 2019 Baraza la Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala (KCCA) lilipitisha sheria ndogo ya kulinda watoto ambayo, pamoja na mambo mengine, iliharamisha kumpa mtoto wa mtaani fedha au chakula. Makala haya yanaiweka sheria hiyo katika historia ya namna jamii na dola zilivyomtazama mwombaji na mtoaji. Yanadai kwamba sheria imehamisha kosa kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine pasipo kugusa uhusiano unaowakutanisha.

Utangulizi

Anayesubiri taa za Barabara ya Jinja zigeuke kijani huwa na sekunde chache za kuamua. Mtoto wa miaka mitatu au minne ameketi ukingoni mwa barabara, viganja vimekingwa mbele yake, hasemi neno. Hatua chache kutoka hapo, kivulini, yupo msichana mkubwa zaidi au mwanamke anayemwangalia. Siku moja mtafiti mwenzangu alitoa sarafu ya shilingi 500 dirishani. Dereva wetu akamwonya kwa Kiganda: “Ssebo, bajja kukusiba,” yaani, bwana, watakufunga. Tulicheka, kisha tukanyamaza. Dereva alikuwa sahihi kisheria, na hakuna miongoni mwetu aliyeweza kueleza vizuri kwa nini.

Mjadala wa iwapo mtu atoe au asitoe huendeshwa zaidi kwa hoja za uchumi na za ustawi wa jamii. Mimi ni mtu wa lugha, hivyo nitaanza na maneno.

Kuomba na kuombaomba

Katika Kiganda, kitenzi okusaba hutumika kwa mtu anayeomba kitu kwa mwenzake na pia kwa anayesali. Kiswahili kina muundo uleule: tunamwomba Mungu, tunaomba maji, tunaomba radhi. Hakuna aibu katika vitenzi hivi. Aibu huingia pale kitendo kinaporudiwa. Kiganda hurefusha mzizi na kupata okusabiriza, ambako hutoka omusabirizi. Kiswahili hukariri shina na kupata ombaomba. Lugha hizi mbili zimefika mahali pamoja kwa njia tofauti za kimofolojia: kosa haliko katika kuomba, liko katika kuomba bila kikomo, kwa yeyote apitaye, pasipo uhusiano wowote kati ya anayeomba na anayeombwa.

Msamiati wa umaskini nao unafundisha. Omunaku kwa Kiganda si tu mtu asiye na mali. Ni mwenye dhiki aliye mpweke, asiye na wa kumtegemea. John Iliffe, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu historia ya maskini wa Afrika, alionesha kwamba katika jamii nyingi za bara hili zilizokuwa na ardhi tele, fukara alikuwa hasa mtu aliyekosa nguvu kazi na jamaa. Kwa upande mwingine, Kiswahili kilirithi kutoka Kiarabu maneno fakiri na maskini, yanayotajwa katika makundi manane ya wapokeaji wa zaka. Hapa mpokeaji ana nafasi inayotambulika: utoaji ni wajibu wa mwenye nacho, na mpokeaji si mkosaji kwa kupokea. Mtu anayepita karibu na misikiti ya Kampala siku ya Ijumaa bado huona mabaki ya mpango huo, ingawa leo wanaosubiri nje si waumini peke yao.

Sheria iliyokuja na meli

Dhana ya kwamba kuomba hadharani ni jinai ililetwa na Waingereza. Sheria yao ya uzururaji ya 1824, iliyotungwa wakati askari wa vita dhidi ya Napoleon walipokuwa wamerejea bila kazi, ilienezwa makoloni kwa maneno yaliyofanana sana. Kanuni ya Adhabu ya Uganda iliyoanza kutumika tarehe 15 Juni 1950 iliyabeba. Kifungu cha 167, kwa hesabu ya zamani, kilimweka miongoni mwa wazembe na wavurugaji kila anayezurura au kujiweka mahali pa umma ili aombe sadaka, pamoja na anayemsababisha au kumhimiza mtoto kufanya hivyo. Tuzingatie vitenzi hivyo: kuzurura, kujiweka. Kinachoadhibiwa ni kuwapo mahali. Hata mama wa yule mtoto wa Barabara ya Jinja alikuwa tayari mkosaji miaka 69 kabla ya sheria ndogo ya jiji.

Majirani hawakuwa tofauti sana. Nchini Tanzania, Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 iliwasomba wazururaji wa Dar es Salaam kwa lugha ya ujamaa, lakini aliyepakiwa kwenye lori alikuwa yuleyule. Neno mzururaji lilifanya kazi kubwa huko: lilimfanya mtu asiye na ajira aonekane kama mtu aliyechagua kutembea.

Uhalali wa vifungu hivi umeanza kubomoka. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, ikijibu ombi la Umoja wa Wanasheria wa Afrika, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zina wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda, katika shauri la Francis Tumwesige Ateenyi, ilibatilisha vifungu vya 168(1)(c) na (d) kuhusu wazururaji na washukiwa. Kifungu cha kuomba sadaka hakikuwa miongoni mwa vilivyobatilishwa.

Ng'ombe, bunduki na barabara

Wengi wa watoto na wanawake wanaoomba katikati ya Kampala wametoka Karamoja, hasa wilaya ya Napak, na hulala katika vyumba vya msongamano vya Katwe na Kisenyi. Wanaosema kwamba watu hawa “wamezoea kuomba” wanasema jambo la kweli kwa namna wasiyoikusudia. P. H. Gulliver, katika utafiti wake wa 1955 kuhusu Wajie wa Karamoja na Waturkana, alieleza jinsi mfugaji alivyojenga mtandao wa wenzake wa mifugo: wakati wa mahari, ukame au hasara, alikwenda kwao kuomba ng'ombe, nao walikuwa na haki ya kumwomba baadaye. Kuomba kulikuwa bima. Aliyekataa daima alijitoa kwenye mtandao.

Mtandao huo huhitaji ng'ombe. Baada ya kuanguka kwa Idi Amin mwaka 1979, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa na wizi wa mifugo ukawa vita. Njaa ya 1980 ilifuata. Utafiti uliochapishwa mwaka uliofuata ulikadiria kwamba katika eneo lililochunguzwa takriban mtu mmoja kati ya watano alifariki ndani ya mwaka mmoja. Operesheni za kunyang'anya silaha, kuanzia 2001 na kwa nguvu zaidi kuanzia 2006, ziliwaacha baadhi ya wafugaji bila bunduki na bila mifugo. Mwaka 2022 njaa iliua tena. Aliyepoteza wenzake wa mifugo hana wa kumwomba kijijini, basi humwomba asiyemjua mjini. Kwa msamiati wa Kiganda, amegeuka omunaku, kisha omusabirizi.

Sisemi kwamba barabara ni zizi jipya. Madai ya wanasiasa wa jiji kwamba wapo watu wazima wanaowaweka watoto barabarani na kukusanya mapato yao si ya kubuni, na mtoto wa miaka mitatu hajachagua kuketi juani. Huo ndio uzito wa hoja ya watunga sheria, na watetezi wa sadaka huupita haraka mno.

Sheria ndogo ya 2019

Baraza lililoongozwa na Meya Erias Lukwago liliweka adhabu ya faini ya shilingi 40,000 au kifungo kisichozidi miezi sita kwa anayempa mtoto wa mtaani fedha au chakula. Wengi waliiona kuwa jambo jipya. Kwa historia ya Uingereza ni jambo kongwe: amri ya wafanyakazi ya 1349, iliyotolewa baada ya tauni kuua watu na kupandisha ujira, ilikataza kwa adhabu ya kifungo kumpa sadaka mwombaji mwenye nguvu za kufanya kazi. Lengo lilikuwa kumrudisha shambani kwa bwana. Amri ile angalau ilijua inataka mwombaji aende wapi.

Hapo ndipo sheria ya Kampala inaponitia shaka. Watoto wanaokamatwa wamekuwa wakipelekwa Kampiringisa, wilayani Mpigi, au kurudishwa Karamoja. Ripoti ya Human Rights Watch ya 2014 ilieleza vipigo na dhuluma katika misako hiyo. Wengi hurudi mjini. Mtoaji akizuiwa leo, mtoto ataketi palepale hadi jioni, mikono mitupu, na mtu mzima anayemngojea hatapokea habari hizo kwa upole.

Kwa hiyo, baraza litakapoirejea sheria hii, kifungu cha mtoaji kisisimame peke yake. Kiambatane na wajibu wa jiji, uliotajwa kwa bajeti na kwa ofisi, wa kumpokea mtoto siku ileile anapoondolewa barabarani, na wa kumfuatilia mpaka Napak. Adhabu ya chakula ifutwe kabisa. Sioni sababu ya mtu kufungwa kwa kutoa ndizi. Na maandishi yake yatafsiriwe kwa Kiganda, Kiswahili na Ngakarimojong. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda kikatiba tangu 2005, lakini dereva wetu aliijua sheria kwa kusikia tu, na yule mwanamke wa kivulini huenda hajawahi kuambiwa, kwa lugha yake, kwamba mtu anayempa mtoto sarafu anatenda kosa.