Kabla ya simu kulikuwa na taarifa ya saa saba

Kila mjadala wa siasa lazima mtu aseme: "Vijana wa siku hizi wameharibiwa na simu." Sawa. Hebu tuangalie wazee wao walifunzwa siasa na nini. 🧵

Miaka ya 70 na 80 redio ya nchini ilikuwa moja tu, Sauti ya Kenya (VOK), mali ya serikali. 1989 ikageuzwa KBC. Taarifa ya habari ya saa saba mchana ndiyo ilikuwa siasa yenyewe. Inaanza na alichofanya rais leo, halafu waziri, yuko mezani anakula, anasikia redioni hana kazi tena.

Kijana aliyekulia hapo alijua siasa hutoka juu. Wewe ni kusikiliza na kunyamaza. Si ati walikuwa waoga. Aliyetaka upande wa pili alibaki kuitafuta BBC kwa masafa mafupi, sauti ikipotea na kurudi. Na waliojaribu mapinduzi 1 Agosti 1982 walijua siri hiyo: waliteka studio za VOK mapema kabisa.

KTN ikaja 1990, Capital FM 1996. Ghafla unaweza kubadilisha stesheni.

Tarehe 30 Desemba 2007 serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Watu wakahamia SMS. Hapa tusidanganyane: nyingi zilikuwa uvumi na chuki za kikabila, na zilisambaa kuliko ukweli. Stesheni ikizimwa, pengo hujazwa na yeyote.

Juni 2024 wengi mliona wenyewe. Vijana walisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za mama, wakaujadili X Spaces hadi usiku wa manane. Tarehe 26 rais akakataa kuutia saini. Kijana wa saa saba mchana hangewahi hata kuuona huo mswada.

Lakini kuna hii pia. 2022 TikTok ilikuwa imejaa siasa tayari, na bado kwenye daftari la IEBC vijana walikuwa asilimia 39.84 tu, wachache kuliko 2017. Kufuatilia walifuatilia. Kujiandikisha, wengi hawakuona haja.

Kwenu redio ilikuwa stesheni gani, na nani alikuwa na ruhusa ya kuigusa?