Mkonge Ulivyomwondoa Baba Nyumbani

Husemwa mara nyingi kwamba kwetu malezi ni kazi ya mama, na kwamba baba anayembeba mtoto mgongoni au kukagua daftari zake ameiga Uzungu. Wasemao hivyo hutaja mila. Historia ya Tanganyika hainiruhusu kukubaliana nao. Ukifuatilia jinsi baba alivyokuwa mgeni katika nyumba yake mwenyewe, utakutana na kodi na mikataba ya kazi kabla hujakutana na mila yoyote.

Kabla ya hapo, baba alikuwa mwalimu kwa sababu kazi yake ilikuwa palepale nyumbani. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, anaeleza jinsi baba wa Kikuyu alivyofuatana na mwanawe shambani, akimfundisha majina ya mimea na mipaka ya ardhi ya ukoo. Pwani, mtoto wa fundi wa majahazi aliujua ufundi kwa kumshikia baba yake mbao. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba, na Waingereza wakaiendeleza walipochukua nchi. Kodi ilidai fedha, na fedha ilikuwa mbali. Mkonge, ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ulihitaji maelfu ya mikono, na mikono hiyo ilitoka Kigoma, Njombe na Songea kwenda Tanga na Morogoro. Manamba, yaani kibarua wa mkataba, alipewa kipande, kadi ya siku thelathini za kazi. Siku aliyoshindwa kumaliza sehemu yake haikuhesabiwa. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya kuwakusanya vibarua hao na kuwasafirisha. Wapo waliokwenda na wake zao, lakini wengi walikwenda peke yao, na mtoto aliyeachwa akitambaa alikuwa anachunga mbuzi baba aliporudi. Hapo ndipo baba alipoanza kupimwa kwa alicholeta: shuka, kaniki, fedha ya kodi.

Kuna watakaopinga kwa kusema kwamba wanaume walisafiri tangu zamani. Ni kweli, Wanyamwezi walibeba pembe hadi Bagamoyo. Ila misafara yao ilifuata zaidi majira ya kiangazi, watu wakarudi kulima, na wengi waliongozana na wake na watoto. Wengine watakumbusha kwamba kwa Waluguru na Wamakonde mwenye kauli juu ya mtoto alikuwa mjomba. Hoja hiyo ni nzito zaidi, lakini inathibitisha tu kwamba mtoto alikuwa na mwanamume mzima karibu naye, na kodi haikumsamehe mjomba. Sisemi kwamba baba wa kale alikuwa mpole. Wengi walikuwa wakali, na fimbo ilitumika. Ninachosema ni kwamba walikuwepo, na mtoto aliwaona wakifanya kazi, wakikosea, wakisuluhisha ugomvi. Fedha iliyotumwa kutoka mbali haiwezi kumfundisha hayo.

Wala mshahara peke yake haukumlazimisha baba kunyamaza. Shaaban Robert, karani wa forodha chini ya serikali hiyohiyo ya kikoloni, alimtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Aliona kuwaasa wanawe ni wajibu wake mwenyewe, na hakuna aliyemwambia kwamba ameiga Uzungu.

Mkonge umepungua, lakini sheria zetu bado zinamwona baba kama kibarua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa baba wa Tanzania likizo isiyopungua siku tatu mtoto anapozaliwa. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2007, ilitoa wiki mbili. Wabunge wanaotetea mila zetu waanze na hizo siku tatu.