Kubadilishana Si Kutazamwa

Tunapozungumzia madarasa ya nchi mbalimbali kukutana kwa njia ya video, huwa tunadhani kwamba jambo hili lilizaliwa na intaneti. Historia inatueleza vingine.

Célestin Freinet, mwalimu wa shule ya kijiji cha Bar-sur-Loup kusini mwa Ufaransa, alirudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa na jeraha la mapafu. Mwaka 1924 aliingiza darasani mashine ndogo ya kuchapa, na watoto wakaanza kuchapa habari za maisha yao wenyewe. Mwaka 1926 wakaanza kupelekeana maandishi na wanafunzi wa Trégunc, kijiji cha pwani ya Brittany, ambao nao walikuwa na mashine yao. Mtoto wa milimani alilazimika kumweleza mtoto wa baharini mambo ambayo hakuwahi kuyafikiria, na kwa kuyaeleza akakiona kijiji chake upya.

Mwaka 1988, shule za Jimbo la New York na za Moscow ziliunganishwa kwa kompyuta, ilhali mataifa yao yalikuwa bado yameelekezeana makombora ya nyuklia. Kutokana na mradi huo, ulioanzishwa na Mmarekani Peter Copen, ukazaliwa mtandao wa iEARN, ambamo walimu na wanafunzi wa nchi nyingi hufanya kazi za pamoja.

Mashine ya kuchapa na kompyuta ni vyombo tofauti, lakini msingi ni mmoja: kila upande uwe na chombo chake, uulize na ujibu. Hapo ndipo ninapokuwa na wasiwasi na mipango inayoletwa kwetu leo. Mara nyingi mada, ratiba na lugha huamuliwa ng'ambo. Mwanafunzi wetu huitwa kusimulia shida zake, kisha mwenzake huondoka na alama za somo. Huko si kubadilishana, ni kutazamwa.

Kwa hiyo, kabla ya kununua vioo vikubwa vya video, watumishi wa wizara na wakuu wa vyuo wajiulize: ni nani atakayechagua swali la kwanza? Nanyi wanafunzi, mkialikwa katika darasa la mbali, ulizeni kuhusu kodi zao, wakimbizi wao na mito yao. Ufahamu wa dunia huanza pale ambapo kila mmoja ana haki ya kumhoji mwenzake.