Kamera ndogo iliyoingia Kibera, na kwa nini haikuona vitu vya karibu

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, lakini ndugu na majirani wameamua kwamba chochote chenye betri nakijua. Swali ninaloulizwa sana ni hili: ninunue kamera gani ya video, ifae kwa mambo yote ya kawaida, na bado iweze kuchukua kitu cha karibu kabisa? Wa mwisho kuniuliza ni fundi wa simu kule Kawangware. Anataka kuonyesha meza yake, wateja na barabara ya nje, halafu hapo hapo watu waone waya wa kulehemu ukiyeyuka juu ya bodi ya simu.

Ni swali zuri kuliko linavyoonekana. Tena liliwahi kuwakabili wengine upande wa pili wa Ngong Road, pale Kibera, kwa hiyo wacha nianzie mbali kidogo.

Sony walileta jina la Handycam mwaka 1985. Miaka kumi baadaye, 1995, ikaja kaseti ya MiniDV, na hiyo ndiyo iliyowatoa watu wengi wasio na pesa za kituo cha televisheni. Wale wa filamu za River Road jijini, tunazoziita Riverwood, walitegemea sana kamera za bei nafuu za namna hiyo. Kaseti moja ilibeba dakika 60. Lakini ukitaka kuihamishia kwenye kompyuta, unakaa dakika 60 nyingine ukiitazama ikizunguka, na ikimaliza imekula gigabaiti kama 13 za diski. Kwa kompyuta ya wakati ule, hiyo ni diski nzima inalia!

Hata hivyo kamkoda za kaseti zilikuwa na siri ambayo wengi hawakuijua kwa sababu hakuna anayesoma kitabu cha maelezo. Katika vitabu vya Handycam nyingi utakuta mstari mdogo unaosema hivi: lenzi ikiwa pana kabisa, kamera inaweza kuona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 1 tu, ukivuta zumu hadi mwisho, lazima kitu kiwe sentimita 80 hivi. Yaani watu hufanya kinyume. Mtu akitaka kuonyesha sindano anasimama karibu na kuvuta zumu, picha inajaa ukungu, analaumu kamera. Dawa ni kurudisha zumu yote, kisha kusogea wewe mwenyewe. (Usisogee hadi sentimita 1 lakini, utaziba mwanga kwa kivuli chako. Ndani ya chumba cha futi 10 kwa 10 chenye dirisha moja, mwanga ni mali.)

Sasa Kibera. Filamu kama The Constant Gardener, iliyotoka 2005, zilikuja na vifaa vizito, zikapiga, zikaondoka. Mwishoni mwa 2009 mradi wa Map Kibera ulianza kuwafundisha vijana wa pale kuchora mtaa wao kwa GPS ndani ya OpenStreetMap, maana kwenye ramani nyingi za intaneti Kibera ilikuwa doa tupu. Mwaka 2010 likatokea tawi la video, Kibera News Network. Kamera waliyoshika ilikuwa Flip.

Wengine mmeisahau. Flip Ultra ya 2007 ilikuwa na ukubwa wa pakiti ya sigara, bei kama dola 150, kitufe kimoja chekundu na kichwa cha USB kinachochomoka ubavuni. Ilitumia betri mbili za AA, zile zile unazonunua kwenye kioski, kwa hiyo stima ikipotea kazi inaendelea. Hakuna kaseti, hakuna kusubiri saa nzima. Na kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilikuwa zimefika Mombasa mwaka 2009, hivyo kupandisha video YouTube kukaanza kuwa jambo la maana. Kama programu ingekuwa kifaa, mimi ningependa iwe hivyo: kitu kimoja, kinafanya kazi.

Lakini urahisi huo ulilipiwa mahali. Lenzi ya Flip haikusogea. Fokasi ilifungwa kiwandani, na picha ilikuwa safi kuanzia kama mita moja kwenda mbele. Zumu yake ilikuwa ya kukuza nukta za picha tu, haiongezi chochote. Tena hapakuwa na tundu la maikrofoni. Kwa hiyo mtu anayeongea, umati, nyumba inayoungua, vyote sawa. Maandishi ya risiti, lebo ya dawa au ufa kwenye bomba la maji ni ukungu mtupu. Hapo kuna jambo linalonigusa: mtaa uliokuwa umepata kamera yake kwanza ungeweza kuonyesha mtu akilalamika kuhusu karatasi, ila karatasi yenyewe ikabaki haisomeki.

Je, walichagua vibaya? Mimi nasema hapana. Habari za mtaa ni watu kwanza, na kamera inayobaki mfukoni bila kuvutia macho ya wezi ni bora kuliko ile ya kaseti iliyofungiwa kabatini. Cisco walimnunua mwenye Flip mwaka 2009 kwa dola milioni 590, na Aprili 2011 wakaifunga kabisa. Simu zilikuwa zimeanza kuimeza.

Na simu nazo zimerudi kwenye ule mstari mdogo wa Handycam. iPhone 13 Pro ya 2021 ikitaka kuona kitu kilicho sentimita 2 huiacha lenzi yake kubwa na kuhamia ile pana zaidi. Simu nyingi za bei nafuu zina lenzi ya pili iliyoandikwa makro, lakini picha yake mara nyingi ni hafifu. Ijaribu dukani kabla ya kutoa pesa.

Fundi wangu nilimwambia atafute Handycam ya mtumba inayotumia memori kadi, yenye tundu la maikrofoni na fokasi ya kushika kwa mkono. Aende nayo kaunta na sarafu ya shilingi moja, arudishe zumu yote, aisogeze hadi sentimita 10. Maandishi ya sarafu yasiposomeka kwenye kioo, airudishe kwa mwenye duka.